Ajali ya foklifti godauni: mwongozo kamili kwa mfanyakazi wa Nairobi, kuanzia kuizuia hadi kulipwa fidia

Foklifti ya kubeba tani mbili na nusu, ile ya kawaida unayoiona kwenye magodauni ya Enterprise Road na Mombasa Road, ina uzito wa tani tatu na nusu hadi nne kabla haijabeba chochote. Hizo ni Probox tatu na zaidi, zimeshindiliwa kwenye mashine fupi inayogeukia papo hapo. Ikikanyaga mguu, kiatu chenye chuma mbele kinaweza kuokoa vidole na bado ukavunjika juu ya kifundo. Ikimbana mtu ukutani, nyonga haina cha kujitetea.

Mwongozo huu ni wa kila anayefanya kazi karibu na mashine hiyo: opereta, mpakiaji, karani wa stoo, supavaiza, na hasa kibarua anayetoka Mukuru alfajiri na kusimama getini akisubiri kuitwa. Inaniuma kuona mtu akiumia mara mbili, kwanza mwili, kisha haki yake. Hili la pili mara nyingi huletwa na mambo madogo: hakuna aliyepiga picha, hospitali iliandika maelezo yasiyo ya kweli, fomu ilibaki kwenye droo ya ofisi mpaka muda ukapita.

Elewa jinsi mashine inavyoumiza

Foklifti hugeuka kwa magurudumu ya nyuma. Mwenye kuzoea gari hutazama pua ya mashine, akiona imempita anadhani yuko salama. Hapo ndipo mkia unapozunguka kwa nguvu na kumpiga kiunoni au kumbana kwenye raki. Kwa hiyo usisimame ubavuni mwa foklifti inayokata kona, hata kama uma, vile vyuma viwili vya mbele vinavyobeba mzigo, zimeelekea kwingine.

La pili ni kupinduka. Mashine imesimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya mbele, na katikati ya ekseli ya nyuma. Uzito wote, wa mashine na wa mzigo, lazima ubaki ndani ya pembetatu hiyo. Ukiinua mzigo juu kisha ukageuka, au ukapita kwenye shimo la sakafu uma zikiwa juu, uzito unatoka nje ya pembetatu na mashine inalala ubavu kabla hujawahi kufikiri. Ndiyo maana mzigo hubebwa chini, sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, mlingoti, ile nguzo ya mbele inayopandisha uma, ukiwa umeinamishwa nyuma kidogo. Kuinua ni mbele ya raki tu, mashine ikiwa imesimama.

Soma kibati cha uwezo kilichobandikwa kwenye mashine. Kikisema kilo 2,500 kwa sentimita 50, maana yake ni kwamba uzito huo unaruhusiwa pale tu katikati ya mzigo inapokuwa sentimita 50 kutoka sehemu ya uma iliyosimama wima. Marobota marefu, mabomba au mashine iliyofungwa kwenye kreti ndefu husogeza uzito mbele, na uwezo unapungua hata kama kilo ni zilezile. Na ukiona wenzako wanataka kupanda nyuma ya foklifti ili kuongeza uzito wa mkia, simamisha kazi hiyo. Hapo mmekwisha kubali kwamba mzigo umeizidi mashine, na walio nyuma ndio watakaorushwa.

Kwa opereta: funga mkanda, kila mara, hata kwa safari ya mita kumi. Mashine ikianza kupinduka, silika itakuambia uruke. Usiruke. Anayeruka mara nyingi huangukia upande uleule mashine inakolalia, na lile paa la chuma la kumkinga ndilo linalompondaponda. Baki kitini, shika usukani kwa nguvu, kaza miguu, egemea upande wa pili wa inakoangukia.

Kabla ya zamu

Ukaguzi wa dakika chache unatosha kama unafanywa kwa kweli: breki na handibreki, usukani, honi, taa na mlio wa kurudi nyuma, matairi, minyororo ya mlingoti, nyufa kwenye uma, mafuta ya haidroliki yanayovuja chini. Andika kwenye daftari, weka sahihi. Kasoro ikiwepo, toa ufunguo na mpe supavaiza mkononi. Foklifti mbovu yenye ufunguo itatumika tu, maana lori liko nje na dereva anapiga honi.

Opereta awe na leseni ya NTSA ya daraja la G, na awe amefunzwa kwenye aina ya mashine anayoiendesha. Aliyezoea ya dizeli uwanjani si lazima aimudu ile ya betri ya kwenye vichochoro vya raki. Ajali nyingine hutokea saa ya chakula, opereta amekwenda kibandani na kijana wa kupakia anaamua asogeze paleti moja tu. Dawa yake ni ndogo: ufunguo uende na opereta mfukoni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke vifaa vya kujikinga bila kukutoza, na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Uliza wawakilishi wenu ni kina nani. Sheria hiyohiyo inakutaka uripoti hatari kubwa unayoiona, na mwajiri hana ruhusa ya kukurudisha hapo mpaka ameirekebisha. Ripoti kwa ujumbe wa simu, hata kama umekwisha sema kwa mdomo. Ujumbe una tarehe na saa.

Tenganisha watu na mashine

Kama meneja wako ana pesa ya kufanya jambo moja tu, ni hili. Reflekta, helmeti na mabango yote yanasaidia, ila yanategemea opereta amwone mtu, na opereta mwenye paleti ya katoni mbele ya macho haoni kitu. Ndiyo maana mzigo ukiziba njia anapaswa kurudi kinyumenyume huku akitazama anakokwenda.

Anza na mlango. Magodauni mengi ya zamani Industrial Area yana mlango mmoja mkubwa ambao watu, malori na foklifti hupita pamoja. Fungua mlango mdogo wa watu pembeni. Kama haiwezekani, zuia sehemu ya ule mkubwa kwa vyuma vilivyochimbiwa chini. Mstari wa rangi ya manjano peke yake hausimamishi tani nne. Weka vioo vya mbonyeo kwenye kona, na honi ipigwe kabla ya kila kona. Panga saa: kazi ya kuhesabu mali kwa miguu isigongane na saa ya kupakua kontena.

Kisha kuna desturi ya kumpandisha mtu juu ya paleti ili ashushe katoni kutoka raki ya juu. Nimeiona mara nyingi kiasi kwamba inaniogopesha jinsi ilivyokuwa kawaida. Kijana anasimama juu ya mbao za paleti, nyingine zimepasuka tangu zilipotoka bandarini, hana cha kushika ila minyororo ya mlingoti inayotembea. Opereta akigusa mkono wa haidroliki kidogo tu, vidole vinaingia kwenye mnyororo. Mtu huinuliwa ndani ya kizimba kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kimefungwa kwenye mlingoti, na opereta haondoki kitini. Kama hakuna kizimba, tumia ngazi ya magurudumu.

Raki nazo zikaguliwe. Nguzo iliyogongwa na kupinda chini haibebi tena uzito iliyotengenezewa. Pakua mzigo ulio juu yake siku hiyohiyo, kisha ndio mtafute fundi.

Mlangoni mwa lori

Treila ikiondoka foklifti ikiwa nusu ndani, mashine inaangukia kwenye pengo pamoja na opereta. Weka vigingi kwenye magurudumu ya treila, na chukua ufunguo wa lori ukae ofisini mpaka karani atie sahihi kwamba kazi imekwisha. Dereva na taniboi wasubiri mahali palipotengwa, wasizunguke nyuma ya lori. Kagua sakafu ya kontena kabla ya kuingia, maana mbao zilizooza huzama. Na unapofungua milango ya kontena lililosafiri kutoka Mombasa, simama upande. Mzigo unaweza kuwa umeegemea mlango.

Mtu ameumia: dakika za kwanza

1. Zima mashine, vuta handibreki, toa ufunguo. Simamisha kazi yote ya karibu. Usipofanya hivyo, mwokoaji naye anaweza kugongwa na kuwa majeruhi wa pili.

2. Piga simu: 999 au 112, au 1199 ya Kenya Red Cross. Taja barabara, jina la godauni, geti namba ngapi, na alama inayoonekana. Mtu mmoja aende kusimama getini aongoze ambulensi, kwa sababu Lunga Lunga Road ina mageti yanayofanana na msongamano wa malori.

3. Damu ikitoka kwa nguvu, gandamiza jeraha kwa kitambaa safi na usiachie ili kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

4. Akiwa amepigwa mgongo, shingo au nyonga, usimvute wala kumkalisha, isipokuwa kuna moto au kitu kinachomwangukia. Mtu ashike kichwa kisiyumbe, mwingine amfunike asipate baridi. Asipewe chai wala maji, huenda akahitaji upasuaji.

5. Akiwa amebanwa chini ya mzigo, tazama saa na uiandike: alibanwa saa ngapi, alitolewa saa ngapi. Mwambie mhudumu wa ambulensi. Misuli iliyopondwa kwa muda mrefu humwaga sumu kwenye damu, na mtu aliyekuwa akiongea vizuri anaweza kuzidiwa baada ya kutolewa, moyo au figo zikishindwa. Msimtoe kwa foklifti nyingine kwa pupa, mzigo ukiteleza mara ya pili ndio unaomaliza.

6. Kidole kikikatika, kitafuteni. Kifungeni kwa kitambaa safi kilicholowa kidogo, kitieni ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Barafu isiguse kidole moja kwa moja, inaua nyama. Kiende hospitali pamoja na mwenyewe.

Usafiri wa kumpeleka majeruhi hospitali na gharama za matibabu ni wajibu wa mwajiri kisheria. Kusema asubiri gari la kampuni lirudi kutoka Thika ni kucheza na maisha ya mtu.

Ukifika hospitali, sema wazi: nimeumia kazini, nimegongwa na foklifti, mahali fulani, saa fulani. Hakikisha daktari ameandika hivyo. Wapo supavaiza watakaokuomba useme ulianguka na bodaboda, wakiahidi kushughulikia mambo kimyakimya. Usikubali. Karatasi ya kwanza ya hospitali ndiyo itakayosomwa na kila mtu baadaye.

Siku hiyohiyo: kusanya ushahidi

Majeruhi akiwa hospitali, kazi hii ifanywe na mwenzake anayemwamini. Piga picha za mashine, namba yake, uma zilivyokuwa, sakafu, mwanga, kibati cha uwezo, mzigo wenyewe. Piga pia picha ya ukurasa wa daftari la ukaguzi wa siku hiyo. Andika majina na namba za simu za waliokuwepo, vibarua kwanza, kwa kuwa kesho huenda wakawa godauni lingine Baba Dogo. Kama kuna kamera, andika barua fupi ukiomba picha zihifadhiwe. Mitambo mingi hufuta picha za zamani yenyewe.

Kibarua asiye na barua ya kazi naye ni mwajiriwa, na fidia inamhusu. Tatizo lake ni kuthibitisha. Kusanya taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo, ukurasa wa kitabu cha getini wenye jina lako, ujumbe wa supavaiza wa kukuita kazini, picha ukiwa na reflekta ya kampuni. Kama uliletwa na ajenti wa vibarua, taja ajenti na mwenye godauni wote wawili unaporipoti. Usikubali kurushwa huku na kule mpaka uchoke.

Fomu na muda

Fidia ya ajali kazini Kenya inaongozwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ambayo kila mtu huiita WIBA. Inasimamiwa na Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS, yenye makao Safety House, Commercial Street, Industrial Area.

Hatua ya kwanza, mjulishe mwajiri. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, lakini tuma pia ujumbe au barua.

Hatua ya pili, mwajiri anapaswa kuripoti kwa Mkurugenzi wa DOSHS ndani ya siku 7 tangu apate habari. Kifo huripotiwa ndani ya saa 24. Fomu yake ni DOSH/WIBA 1: sehemu moja hujazwa na mwajiri, nyingine na daktari aliyekutibu. Omba nakala. Ukizungushwa, nenda DOSHS wewe mwenyewe ukiwa na kitambulisho, karatasi za hospitali na ushahidi wako, ueleze kwamba mwajiri hajaripoti.

Wengi huchanganya fomu hii na P3. P3 ni ya polisi, na haichukui nafasi ya DOSH/WIBA 1 hata kidogo.

Hatua ya tatu, dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Na ajali isiporipotiwa kwa Mkurugenzi ndani ya miezi 24, haki yenyewe inapotea. Ahadi ya meneja kwamba mambo yako yanashughulikiwa haisimamishi kalenda hiyo.

Hatua ya nne, daktari akadirie ulemavu uliobaki baada ya matibabu. Usiharakishe kukadiriwa wakati mfupa bado una vyuma na kidonda kinatoa usaha. Mkurugenzi akishafanya hesabu na kupeleka dai kwa mwajiri au kampuni ya bima, wana siku 90 za kulipa. Kila mwajiri anatakiwa kuwa na bima hii, kwa hiyo anayesema kampuni haina pesa, mwulize jina la mwenye bima.

Hesabu inavyofanywa

Ukilazwa au kukaa nyumbani kwa agizo la daktari siku 3 au zaidi, una haki ya malipo ya kipindi hicho yanayolingana na mapato yako, kwa muda usiozidi miezi 12.

Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Tuseme unapata shilingi 20,000 kwa mwezi na umekadiriwa asilimia 15. Miezi 96 mara 20,000 ni 1,920,000. Asilimia 15 yake ni shilingi 288,000. Sasa unaona kwa nini mtu anayekupa 40,000 mkononi na karatasi ya kutia sahihi kwamba hudai tena anapaswa kuambiwa asubiri. Usitie sahihi karatasi yoyote ya kumaliza mambo kabla hesabu ya Mkurugenzi haijatoka.

Mwajiri anaweza kusema ulivunja kanuni, hukufunga mkanda, ulipanda uma kwa hiari yako. Utovu wa makusudi unaweza kukunyima fidia kwa jeraha dogo. Lakini ulemavu mkubwa au kifo kikitokea ukiwa unafanya kazi kwa manufaa ya mwajiri, sheria inaihesabu kuwa ajali ya kazini hata kama ulikiuka maagizo.

Usipokubaliana na uamuzi

Usikimbilie mahakamani kwanza. Mahakama ya Juu ilikubali mpangilio wa WIBA katika uamuzi wake wa Desemba 2019, na dai linaanzia kwa Mkurugenzi. Wakili atakayekuambia vinginevyo mwulize kwa upole amesoma uamuzi huo. Una siku 60 za kuweka pingamizi kwa maandishi kwa Mkurugenzi, naye anapaswa kujibu ndani ya siku 14. Jibu lisiporidhisha, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hapo ndipo wakili ana kazi. Mtafute pia mapema kama aliyekuumiza ni lori la kampuni nyingine iliyoleta mzigo, kwa kuwa huyo si mwajiri wako.

Mwenzetu akifariki

Wanaomtegemea ndio wanaodai, na miezi 12 huanza siku ya kifo. Polisi wajulishwe, na mashine isisogezwe kabla hawajafika pamoja na afisa wa DOSHS. Familia itafute cheti cha kifo, ripoti ya uchunguzi wa maiti, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa au hati ya kiapo, na barua ya chifu inayowataja wanaomtegemea. Wafanyakazi wenzake wana jukumu hapa. Mjane aliyetoka Busia au Kitui hajui meneja ni nani wala Safety House iko wapi. Mmoja wenu aombe ruhusa ya siku moja, amchukue stendi, ampeleke Commercial Street, na asimwache mpaka nakala ya fomu iliyopigwa muhuri iwe mkononi mwake.